Pampu Yenyewe, Mheshimiwa

Mume wangu alipofariki, ndugu yake alikuja shambani kwangu hapa Ngao akabeba pampu ya maji. Alisema mali ya kaka yake ni yake. Lakini pampu ile niliinunua mimi, kwa ndizi nilizopanda kwa mikono yangu. Nilimwendea kwa upole, kisha nikawaomba wazee wa ukoo wamsemeshe. Hakuitoa. Mto ulikuwa umeshuka, migomba inakauka, ndipo nikaenda mahakamani Garsen kushtaki.

Tangu hapo sikutulia. Mama mkwe aliacha kuitikia salamu yangu. Kila nikisikia injini inakohoa upande wa shamba la shemeji, nilijiambia: wanaiharibu pampu yangu.

Mahakamani majirani walitoa ushahidi kwamba pampu ni yangu. Kisha hakimu akaniuliza, "Mama, unadai pampu yenyewe ama thamani yake?"

Sikuelewa. Akanifafanulia kwamba mahakama inaweza kuamuru kitu chenyewe kirudishwe, na kama hakipatikani tena, mwenye mali alipwe thamani yake. Nikamtazama shemeji. Alikuwa ameinamia sakafu. Nikitaja thamani, nilifikiri, atasema hana kitu, nibaki mikono mitupu. Nikitaja pampu, huenda akaivunja kabla sijaishika.

"Pampu yenyewe, mheshimiwa," nikasema.

Hukumu ilitoka upande wangu. Nilidhani nimeshaipata. Nikamuuliza karani niende kuichukua lini, akanitazama kwa huruma.

"Kushinda kesi ni jambo moja, mama. Amepewa muda airudishe. Asipoirudisha, njoo uombe amri, dalali wa mahakama aende kuichukua."

Muda ukapita, hakuirudisha. Halafu jirani akaniambia shemeji ameonekana huko Wenje akitafuta mnunuzi wa pampu. Siku hiyo sikula. Nilirudi Garsen kuomba ile amri, na njia nzima nilikuwa naiona pampu yangu juu ya pikipiki ya mtu nisiyemjua.

Dalali alikuja na askari. Nilisimama nyuma yao. Shemeji akatoka nje.

"Shemeji, kweli umeniletea askari mbele ya watoto wangu?"

"Nilikuja peke yangu kwanza," nikamjibu. "Nilikuja mara nyingi."

Aliingia ndani, akaivuta mwenyewe hadi mlangoni. Ilikuwa imejaa matope, mpira wake wa kuvutia maji umepasuka, lakini ilikuwa yangu.

Haikuwaka. Fundi aliifungua yote, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, nami nimechuchumaa pembeni kama ninayemwuguza mtoto. Iliponguruma nililia. Maji yalifika kwenye migomba, na ingawa mingi ilikuwa imeshakufa, iliyobaki ilichipua.

Shemeji akinikuta njiani hunipisha bila neno. Simlaumu, ila simwamini. Kila jioni naipakia pampu kwenye mkokoteni, naisukuma hadi chumba ninacholala, halafu nafunga mlango kwa komeo.