Tangi la Bweni la Pili

Wanafunzi walimwita Vidole, kwa sababu alipiga taipu bila kutazama chini. Alianza ukarani katika ile sekondari ya serikali akiwa na miaka ishirini na miwili, akastaafu ana sitini, na hapo katikati aliwaona wakuu saba wa shule wakija na kuondoka. Ndiyo maana shule ilipotaka kuchapisha kitabu cha historia yake ya miaka themanini, kamati ilimfuata nyumbani. Alikubali kwa moyo mweupe. Siku tatu aliketi sebuleni, miwani puani, akisahihisha tarehe za majengo na vikombe vya riadha, mpaka akafika ukurasa wa hamsini na nne.

Hapo iliandikwa kwamba muhula mmoja shule "ilifungwa kwa wiki tatu ili kukarabati mabweni." Chini yake palikuwa na picha ya mkuu wa wakati huo akitabasamu. Sasa alikuwa mzee mwenye heshima zake, na siku ya sherehe bweni la pili lingepewa jina lake.

Vidole aliisukuma karatasi mbali kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula.

Hakukuwa na ukarabati wowote. Kulikuwa na tangi. Matroni alikuja ofisini mara tatu kulalamika kwamba maji ya bweni la pili yananuka, na mara zote tatu mkuu alimjibu, "Chemsheni," hali akijua kuni hazikutosha hata kupikia. Wavulana wakaanza kuharisha. Siku fundi bomba alipopanda kufunua lile bati lililopinda juu ya tangi, Vidole alikuwa amesimama chini na funguo. Fundi alitapika kwanza, ndipo akasema. Ndani ya tangi mlikuwa na paka wawili waliooza, manyoya yamebanduka na kuelea hadi kwenye mdomo wa bomba. Kufikia hapo wavulana wawili walikuwa wameshakufa. Mkuu akafunga mlango wa ofisi, akamwagiza Vidole apige barua mbili kwa wazazi: malaria kali, ya ghafla. Naye akazipiga, bila kosa hata moja.

Kwenye kikao cha kamati aliyasema yote hayo, taratibu. Mwenyekiti, daktari wa meno aliyesoma palepale, alichezea kalamu.

"Wewe ulikuwa kidato cha pili, bweni hilohilo," Vidole alimwambia. "Uliyanywa."

"Niliyanywa, mama, nikapona. Tusichafue shughuli ya watu."

Wengine walicheka kidogo, kicheko cha kufunika aibu, kisha chai ikaletwa. Mwenyekiti akachovya mkate, akatafuna, akafungua ukurasa wa hamsini na tano. Vidole akaaga.

Siku ya sherehe alikwenda, akijiambia kwamba akikutana na yule mzee atampa ukweli wake mbele za watu. Mzee alimwona kwanza. "Vidole! Bado upo?" Mkono wa Vidole ulitoka wenyewe, kwa mazoea ya miaka mingi, ukashikwa. Kiganja cha mzee kilikuwa laini, na kina unyevu. Vidole akaitikia salamu kama zamani. Aliondoka kabla kitambaa hakijavutwa kwenye kibao cha bweni, na njia nzima aliufuta mkono kwenye gauni, akijichukia kuliko alivyomchukia yule mtu.

Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda kwa mama wa mmoja wa wale wavulana wawili. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani kwake.

"Nilikuwa karani wa shule aliyosoma mwanao."

"Mwanangu alikufa kwa malaria," fundi alisema, bila kuulizwa.

"Hapana, dada. Maji ndiyo yaliyomuua. Ile barua niliipiga mimi, na nilikuwa najua."

Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Miaka yote hii najilaumu kwamba sikumnunulia chandarua," akasema. "Kaa hapo. Anza mwanzo, na usinifiche kitu."

Vidole alisimulia yote, hata habari ya paka na ya bweni kupewa jina la mkuu. Fundi hakulia. Aliinuka, akatema mate nje, akarudi. "Na mtu huyo ndiye aliyepewa bweni?"

Walikwenda pamoja ofisi ya elimu, Vidole akaandika maelezo na kutia sahihi, pamoja na ile sehemu inayomhusu yeye mwenyewe. Walizungushwa miezi saba. Wakati wa likizo kibao kikang'olewa kimyakimya na ukuta ukapakwa rangi. Kitabu hakikuguswa. Bado kinauzwa, na ukurasa wa kwanza unamshukuru karani mstaafu kwa kumbukumbu zake.

Fundi hajamsamehe, na Vidole hajawahi kumwomba amsamehe. Sasa wanadai ukurasa wa hamsini na nne uandikwe upya. Kila mara ofisi ya elimu inapowaita, fundi humpigia simu na kusema neno moja tu, "Njoo," naye huenda.