Ufunguo Uliobaki Upande wa Ndani

Marie-Claire alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja hata siku moja: ufunguo wa nyumba unakaa ndani ya kitasa, upande wa ndani. Alitoka nayo Bukavu. Miaka ile ya vita, ufunguo uliobaki kwenye kitasa ulimzuia mtu wa nje kuingiza wake, na watu wa kwao walilala kwa sababu hiyo. Hapo sina la kumlaumu.

Huku ughaibuni, mtaa wa Saint-Gilles, alipanga chumba na jiko, ghorofa ya tatu, akaishi na baba yake, Papa Noé, mzee wa kisukari ambaye kiharusi kilimwacha hawezi kuinuka kitandani. Mkataba wa nyumba ulitaja mtu mmoja. Marie-Claire, ambaye kazi yake, aide-soignante, ni kuwaosha na kuwalisha wazee wa watu wengine, alimficha wa kwake. Hapo namlaumu.

Jumanne asubuhi alimchoma baba yake insulini, akauacha uji mezani upoe, akashuka mbio na mifuko ya taka kabla gari halijapita. Aliporudi, upepo ulikuwa umeufunga mlango. Milango ya huku ikijifunga haina cha kuzungusha kwa nje. Bila ufunguo huingii. Na mtu aliyechomwa sindano ile asipokula, sukari inashuka mpaka anazimia. Marie-Claire alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

Simu alikuwa nayo mfukoni. Hakuwaita zimamoto. Alimpigia binamu yake Mignonne, wa Ganshoren, upande wa pili wa jiji, aliyekuwa na ufunguo wa akiba.

"Wewe aide-soignante muzima, unajifungia inje kama mutoto?" Mignonne alicheka. Kisha akauliza, "Na papa? Amekula?"

"Bado. Nilimupiga shindano tu."

Kicheko kilikatika. "Alors ita pompiers, Marie-Claire. Sasa hivi."

"Pompiers watavunja mulango, propriétaire wa nyumba atajua tuko babili, atatufukuza. Leta ufunguo. Fanya mbio."

"Bon. Njo nakuya. Lakini unakosea."

Ilikuwa saa mbili na robo. Alikaa kwenye ngazi, mdomo karibu na mlango.

"Marie-Claire," baba aliita kutoka ndani, "uji iko wapi?"

"Inakuya, papa. Vumilia kidogo."

Mwanamke wa ghorofa ya pili, Nathalie, alipanda akamkuta amepiga magoti. Akamuuliza kwa Kifaransa kama kuna mtu ndani, maana angeweza kuita msaada. Marie-Claire akamtazama usoni akamwambia hakuna mtu.

Nathalie akashuka. Haikukawia, sauti ya mzee ikasikika tena, nyembamba. "Mama," alisema, kama wazee wetu wanavyowaita mabinti zao, "niko nasikia baridi."

"Papa, usilale. Niimbie ile ya kanisa. Papa?"

Mzee aliimba mstari mmoja, akachanganya maneno, akanyamaza. Marie-Claire aligonga mpaka vidole vikavimba. Hakuna aliyejibu.

Mignonne alifika saa tatu na dakika kumi, jasho likimtoka. Ufunguo wa akiba uliingia nusu ukagoma. Akauchomoa, akaujaribu tena, akainama kuchungulia tundu.

"Yako iko ndani? Uliiacha kwa kitasa?"

Kila siku ya maisha yake Marie-Claire aliuacha pale.

Alijaribu kuusukuma mlango kwa bega. Ilipofika saa tatu na nusu ndipo alipoteremka, akamgongea Nathalie na kumwambia, "Nilikudanganya. Baba yangu yuko ndani. Haitiki."

Nathalie hakuuliza kwa nini. Alipiga simu pale pale mlangoni. Zimamoto walifika baada ya dakika kumi na moja, wakaweka ngazi barabarani, wakaingia kwa dirisha. Hawakuvunja mlango.

Wapo watakaosema aliogopa, na hofu si dhambi. Nakubali hofu si dhambi. Kusema "hakuna mtu" wakati baba yako anaita jina lako nyuma ya mlango ni jambo jingine, na halibadiliki kwa sababu nyumba ni ngumu kupata.

Mwenye nyumba alipewa habari. Alisema tu mzee aandikishwe kwenye komuni, ofisi ya serikali ya mtaa.

Papa Noé hakufa. Ubongo wake ulikaa bila sukari ya kutosha zaidi ya saa nzima. Analishwa kwa kijiko, haongei, wala hamtambui tena binti yake.