Shemeji Kanisugulia Samaki

Jamani, nani anasugua samaki aliye hai kwa brashi?

Shemeji yangu Kasimu. Leo asubuhi, hapa Nyamirambo, kwenye tangi langu la tilapia!

Tangu juzi walikuwa wanajikuna ukutani na kutoa ute mwingi. Vimelea vimewaingia. Ute huo ndio kinga yao, unanasa wadudu kabla hawajashika ngozi.

Nimekwenda kununua chumvi ya kuwatibu. Narudi, namkuta na beseni, anawasugua mmoja mmoja!

"Walikuwa wachafu, shemeji. Sasa wanang'aa."

Wanang'aa? Umewavua ngao katikati ya vita!

Nikafoka mpaka fundi cherehani wa jirani akatoka, futi shingoni.

Kasimu akajibu taratibu: "Si jana ulinigombeza mbele ya mteja? Ulisema samaki wenye utelezi wanakuaibisha, kila samaki nimsugue kwanza."

Nilisema, ndiyo. Lakini wale wa kuuza! Waliokufa!

Fundi akatikisa kichwa: "Wewe ulisema kila samaki."

Nimemfukuza Kasimu, na fundi pia.

Haya, semeni, kosa la nani? Atakayesema langu namtoa humu kwenye grupu.

Saba wameshaelea.

Wanang'aa kweli.