Lawama Inahesabiwa, Shukrani Haihesabiwi

Mwaka huu niliondolewa kwenye maikrofoni kwa wiki mbili, na mpaka leo sijui kama nilistahili. Nikisema nilistahili, moyo unakataa. Nikisema sikustahili, nakumbuka kwamba vidole vilivyoandika ni hivi hivi vinavyoshika kalamu sasa.

Natangaza kipindi cha asubuhi kwa Kiswahili kwenye redio ndogo ya hapa Makiso. Sijiiti mwanahabari. Wanahabari ni wale wanaosoma taarifa kwa Kifaransa, wamefika chuo. Mimi niliacha masomo mwaka wa nne wa sekondari, na redio iliniita kwa sababu ya sauti tu. Nasoma matangazo: nani amefariki na matanga yako wapi, boti gani inateremka Isangi, mbuzi wa nani amepotea. Kisha nafungua simu na wasikilizaji wanasema yao, barabara, bei ya mihogo, wakubwa. Kila mmoja dakika moja. Anayesifu serikali dakika moja, anayeilaumu dakika moja. Kwenye daftari nachora kistari upande huu kwa waliosifu na upande ule kwa waliolaumu, na nikiona upande mmoja umezidi naomba hewani: "Kama kuna mwenye kuona vingine, apige." Watu wananicheka kwa hilo. Dada yangu anasema hata nikigawa mboga ya pondu nyumbani natafuta upinzani.

Nyuma ya mlango wa studio kuna karatasi ya sheria, nasi wote tuliisaini. Inasema mtangazaji hana chama na haonyeshi upande wake wa siasa hewani. Chini yake kuna mstari ulioongezwa kwa kalamu: wala kwenye simu yake. Mstari huo niliuomba mimi. Wakati wa kampeni iliyopita, mtangazaji wetu wa michezo aliweka kwenye simu picha yake amevaa fulana ya mgombea, na wiki nzima wasikilizaji wangu walianza kwa kutukana: "Redio yenu imenunuliwa!" Mkutanoni nikainua mkono, nikasema andikeni na simu. Wakaandika. Yule wa michezo alikaa mwezi mzima bila kusema neno hewani, na mimi niliona ni haki kabisa. Sikumpelekea hata pole.

Basi kabini ya umeme ya mtaa wetu, kile kijumba cha transfoma, huku Tshopo ninakoishi, ikaungua siku ya mvua. Ilikuwa kuukuu. Mheshimiwa mmoja, simtaji, alikuwa amekuja wakati wa kampeni, akasimama mbele ya kabini ile ile, akaahidi mpya. Siku ya kumi na moja bila umeme nilitupa tena samaki walioharibika, nikakaa jikoni nikisikia maji ya mto yakinguruma upande wa barrage, bwawa linalotoa umeme wa mji. Hasira ikanipanda. Nikapiga picha ampoule yangu, balbu isiyowaka, nikaiweka kwenye statut ya simu, pale ambapo kila mwenye namba yako anasoma maneno yako kwa siku moja. Niliandika: "Siku ya kumi na moja. Maji yanalia, ampoule imenyamaza. Tutakumbuka siku ya kura."

Ile siku na ile ampoule nazitetea hata mbele ya hakimu. Maneno ya kura, hapana. Nimejaribu mara nyingi kuyafanya yasiwe siasa, yakakataa.

Kesho yake, nilipomaliza kipindi, mkurugenzi aliniita ofisini. Mtu alikuwa amemtumia picha ya statut yangu.

"Mama, iko nini hii?"

"Ni statut yangu, papa."

"Tutakumbuka siku ya kura. Mutakumbuka nini?"

"Kabini, papa."

"Kabini haipigiwake kura!"

Nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuwa na nafasi hiyo. Akasema mkutano wa Ijumaa utaamua. Ni mtu mwema, niandike na hilo. Redio hii aliianza na maikrofoni moja na meza ya kuazima, na anajua kwamba barua moja kutoka juu inaweza kuifunga. Woga wake una sababu. Ila woga wake ulikuwa unatazama upande mmoja tu.

Kwa maana wiki ile ile, mwenzangu anayesoma taarifa ya Kifaransa alikuwa ameweka picha yake akishikana mkono na waziri mpya wa mkoa, na chini ameandika: "Félicitations, Excellence. Mkoa wote unajivunia wewe." Ilikaa pale, na watu wa redio nzima wakaweka mioyo na makofi. Mimi pia niliweka makofi.

Siku ya Ijumaa nilisema. Nilijiona kama mtu anayeiba, kwa sababu mwenzangu huyo hajanikosea kitu. Ndiye ananisaidia kutamka majina ya Kifaransa. Nikasema sitaki aadhibiwe, nataka tu kuuliza: ile picha nayo si siasa?

"Ile iko politesse, adabu tu," mkurugenzi alijibu. "Mutu akipanda cheo, tunamupongeza. Haiko politiki."

"Na akishindwa kazi?"

"Akishindwa, unamuombea."

Watu wakacheka. Nikafungua daftari langu, nikawaonyesha vistari. Nikasema: hewani anayesifu tunamhesabu upande, anayelaumu tunamhesabu upande, nyinyi wenyewe mlinifundisha hivyo. Sasa mbona kwenye simu lawama inahesabiwa na shukrani haihesabiwi?

Mtangazaji wa michezo, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, akadakia: "Mama iko na haki. Ata fulana yangu ilikuwa politesse."

Hapo hata mwenzangu wa Kifaransa alicheka, akafuta macho. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekumbuka jambo jingine, na nikilikumbuka jambo siwezi kulikalia. Mwaka uliopita mtaro mbele ya shule yetu ulichimbwa, nami niliandika kwenye simu kumshukuru mkubwa wa komini. Hakuna aliyeniita. Nikawaambia.

"Donc unataka tukupe azabu na juu ya mutaro?" mkurugenzi akauliza.

"Nataka iandikwe kwamba siku ile nilikosea na hamkuona."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. Akasema bon, sheria ni sheria, wiki mbili bila maikrofoni. Kwa mwenye picha ya waziri, hakuna kitu. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikauliza kwa nini wa michezo alipewa mwezi na mimi wiki mbili. Mwenzangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nilipotoka, wa michezo, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, akanifuata kwenye ngazi.

"Yaya, wewe unapenda haki kama batu wengine banapenda pombe."

Sikujua kama ni sifa au tusi. Nikamwomba msamaha kwa ule mwezi wake. Akasema, "Ilipita," akapanda toleka, baiskeli ikaondoka naye.

Siku za kwanza nyumbani sikufungua redio. Nilisema moyoni kwamba ni kwa sababu ya kuhifadhi betri, lakini betri zilikuwepo. Siku ya tano nilikwenda sokoni, na mama anayeniuzia chikwangue ya mihogo akapiga kelele mbele ya wote.

"Mama wa radio! Kumbe unatembea! Banasema uko na mugonjwa mubaya."

"Nani anasema?"

"Si kwa radio yenu! Kila asubui yule papa anasema tukuombee."

Nilirudi nyumbani nikafungua redio kesho yake. Kweli. Mwenzangu wa Kifaransa, aliyekuwa anashika kipindi changu, alisema kwa sauti laini kwamba mama yetu ana shida kidogo ya afya. Najua alifanya hivyo kunilinda, ili watu wasiseme nimefukuzwa. Lakini redio ambayo imeniadhibu kwa kusema neno la kweli kwenye simu yangu inasema neno la uongo kwenye hewa yake, na hakuna karatasi ya mlangoni inayozuia hilo. Nilizima. Nikaosha sufuria ambazo hazikuwa chafu.

Siku ya tisa ya adhabu yangu umeme ulirudi. Wafanyakazi wawili walikuwa wamepanda nguzo tangu juzi yake, mvua ikiwanyeshea, wakatuunganisha na kabini ya mtaa wa pili. Mpya haikuja. Mchana ule ule mwenzangu akafika kwa pikipiki, na mkate mkononi.

"Dada, directeur ananituma. Njia iko."

"Njia gani?"

"Courant imerudi, si vile? Bon. Weka statut moja ya shukrani. Taja mamlaka kidogo tu. Kesho unarudi studio. Atasema umefanya équilibre. Ulilaumu moya, ulishukuru moya, basi."

"Na wewe ulishukuru moja. Utalaumu lini?"

Alicheka, kisha akaacha. Akaniambia mdogo wake anangoja kazi serikalini tangu miaka mingi, na picha ile na waziri hakuiweka kwa kupenda. Kama angenyamaza siku ile, wangeuliza kwa nini amenyamaza. Sikuwa nimewaza hilo. Nilikuwa nimemhesabu upande wa waliosifu bila kumuuliza.

"Rudi tu, dada," akasema. "Kiswahili yako haitoki muzuri mu kinywa yangu. Jana nilisoma tangazo ya matanga, nikachanganya na ile ya mbuzi. Nikasema, atakayemuona apige namba hii. Famille ya marehemu ilinipigia, eh! Matusi yote nilisikia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaona aibu kwa ajili ya ile familia.

Alipoondoka nilishika simu. Nataka kuandika ukweli wa jambo hili, kwa sababu wanaonisifia msimamo hawaujui: nilikuwa tayari kuandika. Umeme ulikuwa umerudi kweli, na shukrani si uongo. Niliandika "Asante kwa viongozi wetu." Nikafuta, kwa sababu viongozi sikuwaona kwenye nguzo. Nikaandika "Asante kwa wote." Nikafuta, wote ni nani. Mwisho nikaweka: "Umeme umerudi. Asante kwa wafanyakazi wawili waliopanda nguzo kwenye mvua. Kabini bado ni ya mtaa wa pili."

Mwenzangu akapiga simu saa ile ile.

"Directeur anasema iko muzuri. Lakini mamlaka je?"

"Hawakupanda nguzo."

"Dada! Ni neno moya tu!"

"Neno moja ndilo lilinitoa."

Nikasikia anavuta pumzi, halafu akasema atamwambia. Nikamaliza siku zangu zote kumi na nne. Sijivuni. Siku zile za mwisho watu waliofiwa waliendelea kusomewa vibaya kwa sababu yangu, na kila asubuhi nilijiuliza kama ilikuwa haki ninayoitetea au kichwa changu kigumu. Mama yangu, aliyetoka Maniema na kichwa kama hiki hiki, angesema ni vyote viwili.

Siku ya kumi na tano nilirudi. Mkurugenzi alinisalimia vizuri, akaniambia jambo moja tu: "Usianze mambo." Nikasoma matangazo. Nikafungua simu. Wa kwanza alikuwa mwanamke.

"Mama, pole na mugonjwa! Tulikuombea sana."

Ng'ambo ya kioo mkurugenzi alikuwa amesimama. Nilikuwa na nafasi ya kusema asante na kupita. Lakini yule mama alikuwa ameniombea, na dua ya mtu si kitu cha kupokea kwa uongo.

"Asante, mama. Sikuwa mgonjwa. Nilivunja sheria ya redio, nikapewa wiki mbili."

"Sheria gani?"

"Ya kuonyesha upande wangu wa siasa."

"Ah, ile ya kabini! Ata mie niliona, shemeji alinionyesha. Lakini ulisema kweli! Beko banatudanganya, mama, kabini iko wapi?"

Mkurugenzi alikuwa anapitisha kidole shingoni, akiniashiria nikate simu. Yule mama alimaliza dakika yake akinisifu, na sikumkatiza, maana sijawahi kumkatiza mtu kabla ya dakika yake. Ila upande ulikuwa umezidi, na safari hii upande wenyewe ni mimi. Nikasema kama kawaida yangu: kama kuna mwenye kuona vingine, apige.

Alipiga mwanaume, sauti ya mtu mzima. Akasema yuko Banalia, anangoja lori siku ya tatu, barabara imeharibika.

"Mie naona ulikosea, mama. Sisi huku, tukiwa na shida, tunakupigia wewe. Tunajua utachukua neno yetu na utachukua neno ya wale wengine. Sasa wewe mwenyewe ukiingia mu kulia, sie tutalilia kwa nani?"

Kwenye mkutano hakuna aliyeniambia hivyo, wala kwenye karatasi ya mlango, wala kwenye njia ile ya équilibre. Wote walisema barua, heshima, mamlaka. Sababu yenyewe nilipewa na mtu asiye na umeme wala barabara, na nilipokuwa bado nashangaa, nikamwona mkurugenzi nyuma ya kioo anatikisa kichwa kukubali, kana kwamba yale maneno ni yake. Hapo hasira ikanirudia, mbichi kama siku ya ampoule.

"Asante, papa," nikasema. "Una sekunde ishirini zimebaki. Sema na ya barabara."

Akaisema.