Bushi Isiyotaka Grisi

Shule niliacha darasa la pili, kwa hivyo naandika vile ninavyokumbuka. Miaka ile ya Emajensi, serikali ya wakoloni ilipopigana na Mau Mau, kazi yangu ilikuwa kupaka grisi, shamba la mzungu mmoja juu ya Njoro. Trekta, pampu, mashine ya kupura ngano, kila kitu kilichozunguka kilikuwa changu. Aliyeniingiza pale ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Yeye alichunga nyumba ya kukaushia pareto, na ufunguo wake alikaa nao shingoni.

Pareto, kwa asiyeijua, ni maua meupe ya kutengeneza dawa ya wadudu. Dada yangu aliyachuma mpaka viganja vikapasuka, jioni akawa anavipaka mafuta ya kondoo. Lakini nilitaka kusema juu ya feni ya ile nyumba.

Feni ya kusukuma hewa moto kwenye maua ilimaliza bushi haraka, ile pete inayoshika shafti, yaani mti wa chuma unaozungusha feni, maana grisi iliungua kwa lile joto. Basi akaja fundi kutoka Nakuru na bushi ya namna nyingine. Ilikuwa shaba, lakini imetobolewa matundu, na matundu yamejazwa kitu cheusi kama kile cha ndani ya penseli. Shafti ikizunguka, ule weusi unaipaka.

"Hii usiiguse," fundi akaniambia. Tulikuwa sisi wawili tu. "Ukiweka grisi, vumbi la maua litashika humo, ligeuke kama msasa. Litakula bushi na shafti pamoja."

Nilimwitikia, lakini sikumwamini. Chuma kizunguke kikavu? Na niseme kweli, niliogopa. Kama vitu vimeanza kujipaka vyenyewe, mimi nitafanya nini pale? Siku ya tatu feni ikalia kidogo, kama mlango. Shemeji alikuwa nje akipakua kuni. Nikaingia, nikashindilia grisi, na ile sauti ikanyamaza. Nikafurahi. Kila asubuhi nikawa naongeza.

Asubuhi moja shemeji aliniona nikifuta mikono pale mlangoni. Akacheka. "Shemeji, wewe siku moja utampaka ng'ombe, kwa vile anatembea."

Wiki chache baadaye shafti ilikatika, trei zote zikiwa zimejaa. Hewa ikasimama na maua yakaoza. Fundi alirudishwa, akatoa bushi: imebaki nyembamba kama ganda, imejaa uji mweusi wa grisi na vumbi. Shafti ilikuwa imelika kama muwa uliotafunwa.

Mzungu akauliza ni nani mwenye ufunguo.

Lazima nieleze hapa. Shemeji alikuwa Mkikuyu, na wakati huo Mkikuyu akivunja hata kikombe ilisemwa ametumwa na watu wa msituni. Mimi si wa kabila hilo. Ningesema ni mimi, ningekatwa mshahara, labda nipigwe teke, yaishe. Fundi aliniangalia. Shemeji naye aliniangalia, kisha akatazama chini. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa changu. Nilingoja mtu mwingine aseme.

"Ufunguo ni wangu, bwana," shemeji akasema.

Askari waliwapakia kwenye lori kesho yake, yeye na dada yangu, na sufuria mbili na godoro. Mahindi yao yalikuwa yameanza kubeba. Tuliyala sisi tuliobaki. Shemeji alifungwa kambini, akatoka na kifua kibovu, na hakumaliza mwaka.

Emajensi ilipokwisha nilimtafuta dada kule kwa wakwe zake. Nilimkuta akipalilia, amekonda. Nikaanza kumwambia habari ya grisi, kwa kuzunguka, vile mimi huzungumza. Akanikatiza.

"Aliniambia siku ile, tukiwa kwenye lori. Alisema hukujua."

"Nilijua," nikasema. "Fundi alinikataza."

Dada alipangusa udongo kwenye jembe. Kisha akainama, akaendelea kupalilia, na mimi nikabaki nimesimama pale kwenye mstari, sijui kama nimekaribishwa au nimefukuzwa. Jua lilipopanda nilienda zangu. Hakuinua kichwa.