Paa Aliyegongwa Njia ya Matrah

Msimamizi wa kazi ndiye aliyeuvuta usukani. Mume wangu alilisema hilo mbele ya wali, mkuu wa mji, na mimi nililiona kwa macho yangu kupitia kidirisha cha nyuma cha lori: mkono wenye pete ulipita mbele ya kifua cha mume wangu, ukaukamata usukani na kuuvuta upande wa kushoto, walikokuwa wakikimbilia paa wawili.

Ilikuwa asubuhi, miaka michache baada ya kuhama Unguja. Tulikaa Hail, pwani ya Omani, katika nyumba ya makuti ya mtende, na mume wangu aliendesha lori la mkandarasi mmoja, akisomba saruji kutoka bandari ya Matrah. Siku hiyo lori lilikuwa tupu, likirudi kuchukua mzigo, na mimi na mama mkwe wangu tulikuwa nyuma, tumekalia magunia. Tulikuwa tunakwenda kwenye hitima ya jamaa yetu. Msimamizi alikaa mbele na mume wangu. Alikuwa kijana wa rika lake, mwenye cheko nyingi, na jambia haikumtoka kiunoni hata kazini.

Njia ilikuwa vumbi na mawe matupu. Hapo tulipofika, leo pana majumba ya mtaa wa Madinat Sultan Qaboos na bustani zake. Wakati ule ulikuwa uwanda wa miti ya miiba, na paa wakivuka kama mbuzi wa mtu.

Kishindo kilinirusha mpaka kwenye ubao wa ubavuni. Nilipoinuka nilionja damu mdomoni. Lori lilikuwa limesimama mshazari, na nyuma yetu kidogo paa mmoja alikuwa akijikokota kwa miguu ya mbele. Miguu ya nyuma ilikuwa imevunjika yote miwili na ikiburuzwa kama kamba. Alikuwa akilia. Sikujua kuwa paa hulia. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyepaliwa.

Msimamizi alimkimbilia akicheka, akamkamata pembe, akamgeuza. Paa akampiga kwa kwato za mbele, akamchana kanzu. Msimamizi akampiga teke la ubavu, kisha la pili, la nguvu zaidi.

"Lete kamba," alimwambia mume wangu. "Tumfunge juu ya boneti hivi hivi alivyo hai. Tuingie naye Matrah watu wamwone."

Mume wangu alikuwa amesimama kando ya mlango wa lori na spana kubwa ya magurudumu mkononi. Sidhani kama alijua anayo. Siku za mapinduzi alimwona baba yake akikatwa mapanga mlangoni pa nyumba yao, na tangu siku ile hakuweza kuchinja hata kuku. Sasa alikuwa anamtazama paa, na uso wake umekuwa wa kijivu.

Mama mkwe wangu aliteremka peke yake, bila kungoja mkono wa mtu. Alizaliwa huku, katika milima ya Omani, akapelekwa Unguja kuolewa, akarudi mjane. Kiarabu chake kilikuwa cha milimani, kikavu. Alimwendea msimamizi.

"Mwache mnyama," alisema. "Ana roho bado. Achinjwe, apumzike."

"Atachinjwa Matrah."

"Hafiki Matrah. Atakufa njiani awe kibudu, na wewe utakuwa umemtesa bure."

Msimamizi alimpiga paa teke jingine, la mdomoni, na nikasikia meno yakivunjika. Hapo mama mkwe akamzaba kofi. Lilikuwa kofi la mtu mzima, likamwangusha na kilemba. Naye msimamizi, nadhani hata bila kufikiri, akamsukuma kwa mikono miwili. Mama alianguka kwenye mawe, akautangulizia mkono, nao ukavunjika kwenye kifundo.

Mume wangu alipita mbele yangu sijamwona akianza kukimbia. Spana ilimpata msimamizi begani, ikampata tena mbavuni, na mara ya tatu ikampata tayani. Alianguka. Mume wangu akampiga akiwa chini. Ilisikika chuma tu, na pumzi zake.

Nilimwendea mama. Alikuwa ameketi, ameukumbatia mkono wake, na jicho lake halikuwa kwa mwanawe. Lilikuwa kwa paa.

"Anakwenda," aliniambia kwa Kiswahili. "Kisu kimo kikapuni, chini ya ndimu. Kilete."

"Bimkubwa, atamuua yule mtu."

"Nnamwona. Lete kisu."

Nikakileta. Akaniambia nikiguse kwenye kucha, nikakigusa, kilikuwa butu. Akaniambia nikinoe kwenye jiwe, lakini nimpe paa mgongo asikione. Nikakinoa. Kisha akapaza sauti kumwita mwanawe, kwa jina la utotoni alilolijua yeye na mumewe tu, na akasema, "Basi. Njoo unishikie mnyama huyu."

Sijui kwa nini neno hilo lilimfikia. Alisimama, spana ikamdondoka, akaja akiwa na damu mpaka viwikoni. Alipiga magoti, akaishika miguu ya mbele, akageuza uso pembeni.

Mama alivua mtandio wake kwa mkono mmoja akamfunika paa macho. Tukamgeuza kuelekea kibla. Nilimgusa shingo, ilikuwa ya moto, na mshipa ukipiga mbio chini ya vidole vyangu. Sikuwa nimewahi kuchinja kitu chochote maishani mwangu.

"Taja jina la Mungu. Kata usirudi rudi. Koromeo, umio, na mishipa yote miwili. Usimvunje shingo."

Nikataja, nikakata. Kisu kiligota, nikakandamiza, halafu njia ikafunguka kwa ghafla, na damu ikaniruka usoni na kifuani. Paa alijitupa kwa nguvu ambazo sikuzitarajia. Kwato ilimpata mume wangu kidevuni, na hakumwachia. Alijitupa tena, kisha akawa anatetemeka tu, na mama akasema tusimguse mpaka roho itoke yote. Tulikaa pale watatu tukimsikiliza. Nyuma yetu msimamizi alikuwa akikoroma.

Yeye ndiye tuliyemshughulikia kwanza. Taya lilikuwa limekwenda upande, na jicho moja limefumba. Tulimlaza juu ya magunia, tukampa maji kwa kitambaa. Mume wangu alitaka tuondoke papo hapo, lakini mama akasema mnyama hatupwi, apasuliwe haraka. Nilimpasua mimi, yeye akielekeza. Paja lililogongwa lilikuwa jeusi, damu imevilia ndani. Tulilikata tukaliweka chini ya mti kwa ajili ya mbweha. Tumboni mlikuwa na mtoto, ameshaota manyoya, macho yamefumba. Mume wangu alipomwona alitembea mpaka nyuma ya lori akaleta mtaimbo. Mimi nilichimba kwa mtaimbo, na mama akamzika kwa mkono wake mzima, akamwekea mawe ili asifukuliwe.

Tukaingia Matrah hivyo hivyo, nyama imefungwa ndani ya ngozi yake, na mtu aliyevunjwa taya kando ya nyama. Tulimpeleka hospitali moja kwa moja. Mkono wa mama ulifungwa hapo hapo. Askari walimchukua mume wangu mlangoni, hakubishana nao.

Kwenye hitima nyama ilipikwa. Mzee mmoja wa familia aliuliza nani kachinja, na mama akasema, "Mkwe wangu." Mzee akasita na tonge mkononi. Mama akamwambia kuwa jicho la mnyama lilikuwa linapepesa, damu iliruka, na jina la Mungu lilitajwa, na kama ana shaka na mkono wa mwanamke amuulize aliyesoma. Mzee akala. Mimi sikuweza. Harufu ilikuwa bado kwenye nywele zangu.

"Kula," mama aliniambia kwa sauti ya chini. "Umemchinja mwenyewe, usimwache akawa kafa bure."

Nikala, nikilia.

Mume wangu alikaa jela ya ngomeni, chuma miguuni, mpaka msimamizi alipoweza kusema. Siku ya kesi aliletwa mbele ya wali taya lake limefungwa, akasema kwa meno yaliyobanwa, tukalazimika kumsikiliza kwa makini. Tulidhani atamkandamiza mume wangu. Alisema usukani aliuvuta yeye. Alisema alimsukuma mama mtu mzima mbele ya mwanawe. Wali akasema mtu hapigwi chuma hata akikosa, na akamrudisha mume wangu jela mpaka Ramadhani iishe. Alitoka amekonda, na makovu vifundoni hayakumtoka tena. Kazi ya lori ilikuwa imekwisha. Alibeba mizigo bandarini mpaka alipoingia Sultani mpya na mambo ya nchi yakabadilika, ndipo akapata kazi ya serikali.

Tulimkuta msimamizi sokoni Matrah, mwaka uliofuata. Taya lake liliunga vibaya. Alimjua mama kabla sisi hatujamjua, akaja akaubusu mkono wake, ule uliovunjika, ambao nao uliunga umepinda. Mama akamuuliza hali ya wazazi wake. Akasema wazima. Akamuuliza kama anakula vizuri. Akasema nyama hawezi kutafuna bado, hunywa mchuzi.

"Mungu atakuponya," mama alimwambia, na hakutoa pole nyingine. Halafu akanishika bega tuendelee, maana jua lilikuwa limeshakuwa kali na samaki hatujanunua.