Esperance Aliliuliza Gari Kwanza

Saa sita mchana, juu kwenye mteremko wa Kanyosha, Armel alikuwa ameketi ndani ya gari la shangazi yake, suti mpya mwilini, kijasho chembamba kikimtoka. Saa nane alingojewa Kajaga kwa wakwe, apeleke mahari. Na gari halikuwaka.

Fundi Hugues aliinama juu ya injini dakika mbili, akanyanyuka na uso wa msiba.

“Mama, pompi ya esansi, ile ya kuvuta mafuta, imekufa. Munipe makuta sasa, nikimbie mujini kununua ingine.”

Armel akatia mkono kifuani mwa koti, ilikokuwa bahasha ya mahari. Shangazi Esperance akaudaka mkono huo.

“Apana! Utaenda kwa wakwe na bahasha yenye imepunguka? Waseme sisi ni watu gani?”

“Tantine, saa inakwenda!”

“Ikwende. Mi silipake ugonjwa wenye sijaona.”

Esperance, muuza vitenge, hakuwahi kuingia darasa la ufundi hata siku moja, lakini mbuzi kwenye gunia hanunui. Aliwasha taa za mbele, akamwambia Armel ajaribu kuwasha gari. Injini ilizunguka kwa nguvu, taa hazikufifia. Batiri nzima. Akafungua kifuniko cha tangi, akatega sikio kwenye tundu, kilemba cha sherehe na vyote.

“Rudilia!”

Ndani ya tangi kitu kililia, ziii.

“Hugues, kuja usikie. Maiti yako iko naimba.”

Fundi akasikiliza, akajikuna kisogo. Alikuwa kijana mwema, ila ulimi wake ulizoea kutangulia macho.

Basi pompi hai, na mafuta hayafiki. Mbona? Esperance akarudi nyuma hatua tatu, akalitazama gari zima, akaangua kicheko hadi akashika kiuno. Alikuwa ameliegesha kama nusu ya mtaa wanavyoegesha, pua bondeni, ili batiri ikikataa literemke lenyewe. Na kwa uhaba wa mafuta uliokuwapo mjini, tangini mlikuwa na lita mbili tu, zilizonunuliwa kwa chupa. Zote zilikuwa zimekimbilia mbele, pompi nyuma inavuta hewa. Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na alilifurahia.

Akamsogeza Armel kiti cha pili, akakaa kwenye usukani, akalegeza breki. Gari likateremka kimya hadi uwanja tambarare wa kanisa, Hugues akilifuata mbio. Akazungusha ufunguo. Mara ya kwanza, kikohozi. Mara ya pili likanguruma, na akina mama waliokuwa wakifagia kanisa wakapiga vigelegele bila kujua sababu.

Hugues alipewa soda na msamaha. Gari likashika njia ya Kajaga.

“Tantine,” Armel akauliza, mkono bado kifuani, “nani alikufundisha hii yote?”

Esperance alijibu macho yakiwa barabarani.

“Mwaka wenye bwana yangu alikufa, fundi aliniambia moteri imekufa pia. Niliuzisha mashini yangu ya kushona, nikamulipa. Kumbe ilikuwa kamba moja tu ya batiri imelegea.” Akabadilisha gia. “Ile ilikuwa minerval yangu, feza ya masomo. We nilikusomesha bure.”

Armel akautoa mkono kifuani, akamshika bega.